Simba Asaliaye Nyuma

Siku hizi hapa Ipyana, na yamkini katika vijiji vingine vya uwanda wa Kyela, husikika neno lisemwalo kwa jina la elimu, ya kwamba wataalamu wamekwisha kuthibitisha kuwa kila kiumbe hujipenda nafsi yake tu, na kwamba msaada wote ni biashara iliyojificha. Nalilisikia neno hili kwanza kwa mtu ambaye hakufika kwenye kazi ya kuziba tuta lililobomolewa na mafuriko ya masika. Wenzake walikuwa wameshinda matopeni tangu alfajiri, na mpunga wa watu wengi ulikuwa katika hatari. Alipoulizwa sababu hakusema kuwa aliugua wala kuwa alisafiri. Alisema kuwa hata simba hutegeana, na kwamba yuko Mzungu mmoja aliyewachungulia Serengeti miaka mingi akaliona jambo hilo kwa macho yake.

Udhuru huu ulinikaa moyoni. Ni udhuru wa kisomi, na sisi tusomao hatuwezi kuucheka kama tunavyoucheka udhuru wa mlevi. Tena si uongo mtupu. Mzungu huyo yupo, jina lake Craig Packer, na aliloliona aliliandika. Nikaona yafaa kuyasoma maandishi yake kama tusomavyo maandishi ya mtunzi yeyote, yaani kuuliza anasema nini hasa, kwa maneno gani, na maneno hayo yanambeba msomaji kwenda wapi. Elimu ya viumbe imekwisha kuingia katika mazungumzo ya barazani. Haina budi kuhukumiwa pia na watu wa fasihi.

Packer ni Mmarekani. Alifika Gombe, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1972, katika kituo cha Jane Goodall, akawashughulikia nyani wakati wengine waliwashughulikia sokwe. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Mwaka 1978 yeye na Anne Pusey, aliyekuwa mkewe na mwenziwe katika kazi, waliupokea utafiti wa simba wa Serengeti. Utafiti huo ulianzishwa na George Schaller mwaka 1966, ukashikwa na Brian Bertram, kisha David Bygott na Jeannette Hanby. Hivyo Packer hakuanza ukurasa mtupu. Alirithi daftari lenye simba waliojulikana mmoja mmoja kwa madoa ya ndevu zao, na akaliendeleza kwa zaidi ya miaka 30, huku akiwa Profesa katika Chuo Kikuu cha Minnesota.

Nimekitaja chuo cha Sussex kwa kusudi. Huko ndiko alikofundisha John Maynard Smith, ambaye mwaka 1973, pamoja na George Price, alitoa katika gazeti la Nature makala fupi juu ya mantiki ya ugomvi wa wanyama. Swali lao lilikuwa hili: kwa nini wanyama wenye pembe na meno ya kuua hupigana aghalabu kwa vitisho, mmoja akakubali kuondoka kabla damu haijamwagika? Zamani ilisemwa kuwa hufanya hivyo kwa faida ya kabila lao zima. Wao walijibu kwa hesabu. Tuchukue mfano wangu mwenyewe. Kitu kigombewacho kina thamani ya 4, na jeraha lina hasara ya 12. Mwewe hupigana daima. Njiwa hutisha tu, na akikabiliwa hukimbia. Mwewe wawili wakikutana, kila mmoja kwa wastani hupata hasara ya 4. Mwewe akikutana na njiwa huchukua 4 zote, na njiwa hupata sifuri. Njiwa wawili hugawana, 2 kwa 2. Katika nchi ya njiwa watupu mwewe mmoja atastawi sana. Katika nchi ya mwewe watupu njiwa atastawi kwa kuwa hapati hasara yoyote. Hesabu hutulia pale ambapo mwewe ni theluthi moja na njiwa theluthi mbili, maana hapo wote hupata sawasawa, na hakuna apatacho faida kwa kubadili tabia. Hakuna aliyeamua kuwa hivyo. Uchaguzi wa maumbile umeamua kwa vizazi, kwa kuwapa wengine watoto wengi na wengine wachache.

Elimu hii huitwa nadharia ya michezo, na hapa ndipo mfasiri apatapo kazi. Neno mchezo katika lugha yetu huleta kwanza picha ya watoto na mpira, na mtu husema ni mambo ya mchezo tu akiwa na maana ya upuuzi. Ingekuwa heri kusema bao. Mcheza bao hajui kete zake zafaa nini mpaka atazame kete za mwenziwe. Hoja iliyo njema leo mbele ya mchezaji huyu ni ujinga kesho mbele ya yule. Hiyo ndiyo roho ya nadharia nzima. Lakini hata bao lapotosha mahali pamoja, kwa kuwa mcheza bao hufikiri na kukusudia, na mnyama katika hesabu hii hahitaji kufikiri.

Kadhalika majina ya ndege. Katika makala ya 1973 mnyama mpole hakuitwa njiwa, aliitwa panya. Njiwa aliingia baadaye. Inasimuliwa kuwa Price, aliyekuwa ameingia dini ya Kikristo kwa moyo mkali, hakupenda ndege wa Roho Mtakatifu atumiwe kwa kazi hiyo. Iwapo ndivyo, basi Price alikuwa mhakiki mwema kuliko wengi waliomfuata, maana alijua kuwa jina huja na mizigo yake. Mwite mnyama huyo panya, na msomaji humdharau. Mwite njiwa, na msomaji humheshimu. Hesabu haikubadilika hata nukta.

Sasa turudi kwa Packer na nyani wa Gombe. Mwaka 1977 alitoa makala iliyompatia jina. Aliona dume mmoja akimgeukia mwenziwe kwa ishara ya kumwomba, kisha wawili hao wakamshambulia dume wa tatu aliyekuwa na jike. Aliyeomba ndiye aghalabu aliyempata jike. Aliyesaidia alibaki na mikono mitupu na hatari ya kuumwa. Packer alihesabu akaona kuwa madume waliosaidia mara nyingi walisaidiwa mara nyingi, na kwamba kila dume alielekea kumwomba yule ambaye naye humwomba yeye. Nisaidie leo nikusaidie kesho. Robert Trivers alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1971 kwa nadharia jinsi tabia ya namna hii iwezavyo kustawi hata kati ya wasio ndugu, na sasa palikuwa na nyani walioitenda. Hadithi ilikuwa nzuri mno, nayo ikaingia vitabuni.

Hadithi nzuri mno hutiliwa shaka, na hii ilitiliwa. Fred Bercovitch mwaka 1988, kwa nyani wa Kenya, na Ronald Noë mwaka 1990, kwa nyani wa Amboseli, walionyesha kuwa msaidizi si mwema kiasi hicho: mara nyingi yeye naye humtaka jike yule yule, na baada ya ushindi ni mbio za wawili. Noë alikwenda mbali zaidi akasema kuwa mchezo wenyewe uliokuwa ukifikiriwa si mchezo unaochezwa. Kwangu jambo la kutazama ni mwendo wa Packer mwenyewe. Yeye ambaye jina lake lilijengwa kwa hadithi ya wema unaolipwa, alipofika kwa simba hakwenda kuitafuta hadithi ile ile. Aliziacha data zake zimkatalie.

Mwaka 1982 yeye na Pusey waliandika juu ya madume wa simba ambao huungana wawili, watatu au zaidi ili wateke kundi la majike. Kichwa cha makala kiliuliza kama sababu ni undugu au ni nadharia ya michezo. Iliaminiwa kabla ya hapo kuwa madume hao wote ni ndugu, na kwamba husaidiana kwa ajili ya damu yao. Walionyesha kuwa miungano mingi midogo ina wageni ndani yake. Mwaka 1991, kwa kupima urithi katika damu, yeye na wenziwe waliona jambo lililo zuri kwa usahihi wake: katika miungano ya wawili au watatu mnaweza kuwa na wasio ndugu, na kila mmoja ana tumaini la kupata watoto, katika miungano ya wanne na zaidi wote ni ndugu, na wengine hawapati watoto kabisa. Dume wa simba hukubali kuwa mlinzi asiye na uzao kwa ajili ya watoto wa nduguye tu. Kwa mgeni hakubali. Hapa pana sentensi ambayo mzee yeyote wa ukoo angeielewa bila kufasiriwa.

Juu ya mawindo nitapita upesi. Watu hupenda kusema kuwa simba hukaa pamoja ili wawinde pamoja. Packer na wenziwe walipima na kuona kuwa chakula peke yake hakitoshi kuwa sababu. Akiwindwa ngiri, ambaye jike mmoja humweza, wengine hukaa chini wakatazama, lakini akiwindwa nyati wengi huinuka. Sababu kubwa ni watoto na mipaka. Madume wageni wakiliteka kundi huwaua watoto wachanga, na majike hulea pamoja ili wapate kuwatetea pamoja. Na kundi lenye majike wengi huishinda jirani yake.

Hapo ndipo tufikapo kwenye makala ambayo jirani yangu aliitumia kama udhuru. Ilitoka mwaka 1995 katika gazeti la Science, na mwandishi wa kwanza ni Robert Heinsohn, Packer wa pili. Walificha kipaza sauti wakapiga ngurumo ya jike mgeni. Mwaka mmoja kabla Karen McComb, pamoja na Packer na Pusey, alikuwa ameonyesha kuwa majike husikiliza idadi: wakisikia mgeni mmoja huenda haraka, wakisikia watatu husita, na hutazama wao wenyewe ni wangapi. Sasa Heinsohn aliuliza ni nani atanguliaye. Akaona kuwa si suala la siku. Wako majike ambao hutangulia kila mara, na wako ambao kila mara husalia nyuma, wakafika wakati hatari imekwisha. Anayetangulia anamjua mwenziwe wa nyuma. Humgeukia kumtazama mara nyingi zaidi, hupunguza mwendo. Lakini hamwadhibu. Hamwumi, hamfukuzi, na siku nyingine yeye mwenyewe haachi kwenda.

Tena si aina mbili tu. Wageni walipoongezwa, baadhi ya waliokuwa wakikawia waliinuka wakaenda mbele kwa kuwa sasa walihitajiwa kweli. Na baadhi, katika saa hiyo hiyo ya kuhitajiwa, walizidi kurudi nyuma. Hivyo wakawa wanne: yule atanguliaye daima, yule asaliaye daima, yule ajaye katika dhiki, na yule akimbiaye dhiki. Waandishi walimaliza kwa kukiri kwamba nadharia zilizopo hazitoshi kulieleza jambo hili. Huu ni ungamo mkubwa kwa mtu aliyeanza kazi yake na nyani walipao deni.

Jirani yangu, basi, amesoma robo moja ya makala. Kama simba ni ushahidi wake, simba humshuhudia pia yule jike ambaye hutangulia kila mara, anamjua mtegeaji, anaumia kwa ajili yake, na bado anakwenda. Huyo hakujificha katika biashara yoyote ambayo watafiti waliweza kuiona. Asemaye kuwa elimu imethibitisha ubinafsi wa viumbe vyote hana budi kumweleza jike huyo kwanza, na Packer mwenyewe hakudai kuwa amemweleza.

Nalijaribu kuiweka makala hiyo katika Kiswahili, na kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko kuisoma. Atanguliaye huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo kwetu ni kiongozi. Lakini simba huyo haongozi. Hana amri, hana cheo, hafuatwi kwa heshima. Ni mtangulizi tu. Asaliaye nyuma nimwiteje? Mwoga ni hukumu, na hatujui kama anaogopa. Mvivu ni hukumu nyingine, na tena ni uongo, kwa kuwa huenda anawinda vema kuliko wenziwe au ananyonyesha watoto wa wote. Watafiti wenyewe waliliacha wazi swali la kama hulipa kwa njia nyingine. Mtegeaji ni neno la kijijini lenye picha kamili, lakini limekwisha kulaani kabla halijaeleza. Nikachagua msaliaji, neno lisilo zuri, kwa kuwa ni baridi. Neno la Kiingereza walilolitumia lenyewe lina dharau kidogo, na hapo nawalaumu: walijitahidi sana kuyapima maumbile bila chuki, kisha wakayapa majina ya darasani, ya mwanafunzi hodari na mwanafunzi mzembe. Msomaji wa haraka huyachukua majina akaziacha hesabu.

Na katika nchi hii ya Wanyakyusa jambo hili lina historia yake. Godfrey na Monica Wilson walikaa kwetu katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya vijiji vya rika, akakipa jina Good Company, ambalo ni jaribio lake la kulifasiri neno letu ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo. Zamani mvulana wa miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa baba yake akajenga na wenziwe wa rika, wakachunga ng'ombe pamoja, na kwa kula wakaenda kundi zima kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Aliyekwenda kula peke yake kwa mama yake alikaripiwa. Si kwamba hapakuwa na wategeaji. Palikuwa nao, ndiyo maana palikuwa na karipio. Na juu ya karipio palikuwa na jambo zito zaidi, imani ya pumzi ya watu: majirani wakinung'unika pamoja juu ya mtu mbaya, pumzi ya hasira yao humwingia kama baridi akaugua. Vijiji hivyo vimekwisha, kwa kuwa ardhi ilipungua na vijana walikwenda migodini na mashuleni, lakini manung'uniko bado yana nguvu kuliko hati nyingi za serikali ya kijiji.

Simba hana pumzi hiyo. Jike wa mbele humgeukia wa nyuma, humtazama, na hapo mambo huisha. Kwa hiyo mfano wa simba hauwezi kumwachilia mtu wa tuta, wala hauwezi kumhukumu, maana mchezo wake si ule. Wenziwe wana maneno, nao waliyatumia siku nzima. Kosa la kuhamisha mfano kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu bila kuhesabu maneno ni kosa ambalo wengi walioieneza elimu hii kwa watu wa kawaida wamelifanya. Packer hulikwepa mara nyingi, na hilo ni sifa yake.

Kitabu chake cha kwanza kwa wasomaji wote ni Into Africa, kilichotoka mwaka 1994, na mwaka uliofuata kikapewa nishani ya John Burroughs ambayo hutolewa Marekani kwa maandishi bora juu ya maumbile. Kimejengwa kama kumbukumbu ya kila siku ya safari ya siku 52 katika mwaka 1991, na ndani ya siku hizo miaka 20 ya kazi imekunjwa. Umbo hili ni la werevu. Utafiti wa wanyama ni kungoja, na kitabu cha mambo makuu tu kingekuwa uongo juu ya kazi yenyewe. Katika kumbukumbu ya kila siku gari bovu, vumbi la barabara ya Arusha na simba waliolala mchana kutwa wana haki ya kukaa ukurasa mmoja na ugunduzi. Mahali azungumzapo juu ya kungoja, Packer ni mwandishi wa kweli. Mahali azungumzapo juu ya uzuri wa nchi huwa kama wageni wengi waliomtangulia, na mtu aweza kuruka kurasa bila hasara.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu watu. Kwa maoni yangu wenyeji wa nchi hawakupata katika kitabu kile nafasi iliyo sawa hata na nusu ya ile ya simba. Simba wana ukoo, wana tabia, wana maisha tangu kuzaliwa hadi kufa; mtu wa nchi hupita. Sisemi haya kwa uchungu wa utaifa. Nasema kwa kuwa mwandishi aliyekwisha kutufundisha kumtazama jike mmoja mpaka tujue ni wa aina gani kati ya nne, ametupa kipimo, na kipimo hicho tuna haki ya kumpimia yeye.

Mambo yenyewe yalimsahihisha. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba, kiasi cha 1,000, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Tangu hapo haikuwezekana kuandika juu ya simba kana kwamba hapana vijiji. Mwaka 2004 yeye na wenziwe walionyesha kwa hesabu kuwa uwindaji wa wageni hautapunguza simba ikiwa madume wa miaka sita na zaidi peke yao ndio watakaopigwa, na mwaka 2005 ikatoka makala ambayo mimi naiweka juu ya yote aliyoyaandika.

Ni ya kurasa mbili tu, katika Nature, na waandishi wake ni wanne: Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Ikanda na Kissui ni Watanzania. Yaeleza kuwa tangu Januari 1990 hadi Septemba 2004 simba waliua watu 563 katika Tanzania na kujeruhi 308, wengi wao katika mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara. Katika nchi hizo swala na nyumbu wamepungua, lakini nguruwe mwitu wapo tele, nao huja usiku kula mazao. Mkulima hana budi kulala shambani katika dungu ili awafukuze. Simba huwafuata nguruwe, na nguruwe humleta kwa mtu. Ndiyo maana mashambulio huzidi wakati wa mavuno. Katika makala nyingine ya mwaka 2011, iliyochunguza mashambulio ya mwaka 1988 hadi 2009, ambayo yalipita watu 1,000, waliongeza habari ya mwezi: hatari kubwa haiko katika usiku wa mwezi mpevu, bali katika siku zinazoufuata, saa za jioni, wakati giza limerudi na simba ambaye hakuwinda vema katika mbalamwezi ana njaa.

Hapa hapana mwewe wala njiwa, hapana kiongozi wala mzembe. Pana nguruwe, dungu, mwezi na mtu. Nasi twakumbuka hadithi za simba wa kutumwa. Ng'ambo ya milima ya Livingstone, katika Njombe, katika miaka ya 1930 na 1940, watu wengi waliliwa, na ilisemwa kuwa simba wale walikuwa na bwana wao aliyewatuma kwa uchawi, mpaka George Rushby alipowawinda. Msomi huzicheka hadithi hizo. Mimi siwezi kuzicheka, kwa sababu zinajibu swali ambalo hesabu hailijibu: kwa nini aliliwa huyu na si jirani yake? Makala ya 2005 haikujidai kulijibu. Imejibu wapi, lini na kwa njia gani, na kwa majibu hayo mtu aweza kufanya kitu, kama kuchimba handaki la kuzuia nguruwe au kujenga dungu lenye kuta imara. Lakini wale 563 wameingia katika ukurasa ule bila jina hata moja, wakati simba wa Serengeti kila mmoja ana kadi yake. Najua sababu za kitaalamu. Nalitaja jambo hili kwa kuwa macho ya msomaji wa Kiswahili hayawezi kulipita.

Juu ya kitabu cha pili, Lions in the Balance, cha mwaka 2015, nitasema machache. Ni kitabu cha hasira, juu ya makampuni ya uwindaji, fedha na ofisi, na alipokitoa Packer alikuwa amekwisha kupoteza kibali cha kufanya utafiti nchini. Kwa mara ya kwanza mwandishi ameingia mwenyewe ndani ya bao. Ameacha kuwa mtu wa kwenye gari mwenye darubini. Yeye sasa ni mmoja wa washindani, na msomaji hana mtu wa tatu wa kumwuliza nani alitangulia na nani alisalia nyuma. Kurasa nyingine zina nguvu sana kwa sababu hiyo hiyo, na nyingine hupoteza usawa wa macho uliokuwa fahari yake kubwa.

Makala ile ya kurasa mbili imeandikwa kwa Kiingereza. Wakulima wa Rufiji, Lindi na Mtwara walihojiwa kwa Kiswahili, wakatoa habari za ndugu zao kwa Kiswahili, na Ikanda na Kissui walizisikia katika lugha hiyo hiyo. Karatasi moja ingetosha kuzirudisha: nguruwe, mavuno, jioni zinazoufuata mwezi mpevu. Jirani yangu wa tuta, nilipomsomea sehemu ya simba wanne, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule jike wa mbele hufa mapema kuliko wengine. Nalipekua tena kurasa zote nilizokuwa nazo, na jibu la swali hilo sikulikuta.